Jasho la viganja na makwapa: upasuaji wa kifua au njia nyingine?

Wengi wanaoulizia upasuaji wa jasho wana swali moja: mikono itakauka? Itakauka, karibu kila mara. Swali linalochelewa kuulizwa ni la pili: jasho litatokea wapi badala yake? Upasuaji huu hauondoi jasho mwilini. Unakatiza njia ya neva inayopeleka amri kwenye viganja na makwapa, na kwa watu wengi mwili hujibu kwa kutoa jasho zaidi mgongoni, kifuani, tumboni na mapajani. Kwa walio wengi huwa ni unyevu wa kuvumilika. Kwa wachache ni nguo kulowa hadi kiunoni hata wakiwa wamekaa kivulini, na hali hiyo inaweza kubaki nao maisha yote.

Kwa hiyo nalinganisha njia zote hapa nikiwa na swali hilo la pili mkononi, na nimetenganisha viganja na makwapa. Matangazo ya kliniki huvitaja pamoja kana kwamba dawa yake ni moja. Si kweli. Kinachofaa kiganjani si lazima kifae kwapani, na kinyume chake, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mapema: kwa viganja, upasuaji una nafasi yake baada ya njia nyingine kushindwa kwelikweli. Kwa makwapa peke yake, sioni sababu ya kufungua kifua cha mtu mzima mwenye afya ilhali zipo njia zinazomalizia kazi kwenye ngozi ileile.

Kwanza ujue jasho lako ni la aina gani

Anayeishi na viganja vinavyotiririka hahitaji kuelezwa tabu yake. Karatasi ya mtihani hulowa na wino ukasambaa. Mashine ya alama za vidole hukataa kusoma wakati wa kusajili laini ya simu. Sindano ya mshona kofia huteleza, na mchora hina hawezi kumshika bibi harusi mkono bila kuharibu ua alilokwisha kulichora. Halafu kuna kusalimiana. Kwetu kumpa mtu mkono ni sehemu ya heshima, na wapo vijana wanaokwepa misiba na harusi kwa sababu ya mikono tu. Huambiwa wana woga, au wana jambo wanaloficha. Ukweli ni kwamba tezi zao za jasho ni za kawaida kwa idadi na kwa umbo. Amri inayotoka kwenye ubongo kupitia neva ndiyo iliyozidi, na mara nyingi hali hii iko kwenye ukoo.

Madaktari huiita jasho la msingi la sehemu maalumu wakikuta linaonekana wazi kwa miezi 6 au zaidi bila sababu nyingine, na juu ya hapo yakakutana angalau mawili kati ya haya: linatoka pande zote mbili sawasawa, linakuja angalau mara moja kwa wiki, linavuruga kazi au masomo, lilianza kabla ya miaka 25, yuko ndugu mwenye nalo, na hukoma mtu akilala.

Hilo la mwisho lisipitwe haraka. Jasho linalolowesha shuka usiku ni habari nyingine kabisa. Linaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, VVU au saratani ya tezi za limfu. Jasho la mwili mzima lililoanza ukubwani linaweza kutoka kwenye tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi, kushuka kwa sukari, kukoma hedhi, au dawa unazotumia, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona. Hapo unahitaji vipimo kabla ya kuwaza njia yoyote kati ya nitakazozitaja.

Na kikwapa? Harufu na wingi wa jasho ni mambo mawili. Harufu hutokana na bakteria wanaovunja majimaji ya tezi nyingine zilizoko kwapani, na mtu anaweza kuwa na harufu kali bila jasho jingi, au kulowa kila siku bila harufu. Upasuaji wa neva haukubuniwa kwa ajili ya kikwapa. Anayekuahidi kuondoa harufu kwa kukukata neva za kifua, tafuta daktari mwingine.

Upasuaji wenyewe ukoje

Ni upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, unaolenga mnyororo wa neva za simpathetiki, yaani neva zinazoendesha mambo kama jasho na mapigo ya moyo bila mtu kuamua, zinazopita ndani ya kifua kando ya uti wa mgongo. Wazo lake ni la zamani. Daktari aitwaye Kotzareff alikata neva hizi kwa ajili ya jasho mwaka 1920, enzi ambazo kuzifikia kulihitaji mkato mkubwa. Kamera ndogo za miaka ya 1990 ndizo zilizoufanya uenee, hasa Sweden na Taiwan.

Unalazwa kwa nusu kaputi. Daktari hutoboa tundu moja au mawili chini ya kwapa, kila moja likiwa na milimita 3 hadi 10. Pafu la upande huo hupunguzwa hewa kwa muda ili lisogee, kamera huingia, na mnyororo wa neva huonekana ukipita juu ya vichwa vya mbavu. Hapo hukatwa, huchomwa au hubanwa kwa klipu. Pafu hujazwa tena, kisha upande wa pili. Kazi nzima huchukua saa moja hivi na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kifua huuma kwa siku kadhaa, makovu ni madogo, na mgonjwa huamka akiwa na mikono mikavu yenye joto. Nawaelewa wanaolia machozi ya furaha wakiwa bado kitandani.

Kila kitu kinategemea ni ubavu wa ngapi. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa Society of Thoracic Surgeons, chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani, lilipendekeza neva ikatizwe juu ya ubavu wa 3 au wa 4 kwa mtu mwenye tatizo la viganja peke yake, na ubavu wa 4 na wa 5 pale makwapa yanapohusika. Ubavu wa 3 hukausha viganja zaidi, lakini jasho linalohamia huwa kubwa zaidi. Ubavu wa 4 huacha unyevu kidogo kiganjani na humpunguzia mtu adhabu ya mgongoni. Mimi ningechagua wa 4 bila kusita, kwani kiganja chenye unyevunyevu hakimzuii mtu kushika kalamu, ila mgongo unaotiririka humfanya abebe shati la pili kila aendako.

Kukata juu zaidi, kuelekea ubavu wa 2 na wa 1, huongeza hatari ya kuigusa neva ya jicho na uso: kope hulegea, mboni hupungua ukubwa, na upande huo wa uso huacha kutoa jasho. Hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini likitokea uso wako ndio unaoonyesha. Hatari nyingine ni hewa au damu kubaki kifuani, maumivu ya neva za mbavu yanayodumu wiki au miezi, mapigo ya moyo kupungua kidogo, na jasho la usoni wakati wa kula. Viganja navyo vinaweza kukauka mno hadi kupasuka, vikahitaji mafuta kila siku.

Jasho linalohamia

Hapa ndipo nataka msomaji akae zaidi, kwa kuwa hapa ndipo majuto yanapotoka.

Takwimu zilizochapishwa zinatofautiana mno. Zipo ripoti zinazotaja chini ya mtu 1 kati ya 10, na zipo zinazotaja zaidi ya watu 9 kati ya 10. Kila kundi la madaktari lina kipimo chake cha kusema jasho limezidi, na wengine huwauliza wagonjwa mapema mno, kabla hawajapita msimu wa joto. Ukiambiwa asilimia moja ya kuvutia, uliza ilihesabiwaje na wagonjwa waliulizwa baada ya muda gani.

Yanayojulikana vizuri ni haya. Jasho hilo huzidi kwenye joto, kwenye kazi ya nguvu na kwenye hofu. Huzidi neva zikikatizwa juu, na sehemu nyingi. Huwapata zaidi watu wenye uzito mkubwa. Likishakuwa kali hakuna njia ya uhakika ya kulirudisha lilikotoka. Klipu huuzwa kwa maneno kwamba ukijuta zinatolewa. Kuzitoa kunawezekana, lakini neva iliyobanwa huumia, na si kila aliyetolewa klipu alipona. Amua kana kwamba klipu ni mkasi.

Sasa lete joto letu. Mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akikaa kwenye msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, nyuzi joto hupita 30 na hewa imejaa mvuke. Mwenzake wa Njombe au Limuru huvaa sweta miezi mingi ya mwaka. Upasuaji uleule, daktari yuleyule, ubavu uleule, utawaachia watu hawa wawili maisha tofauti. Nyingi ya tafiti zinazosifu upasuaji huu hazikufanywa kwa watu wanaosubiri daladala saa saba mchana. Anayepanga kwenda kufanya kazi Muscat au Doha, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, alipime hili mara mbili, hasa kama kazi ni ya nje. Makwapa, viganja na uso vikiacha kutoa jasho, sehemu iliyobaki ya mwili ndiyo inayobeba kazi yote ya kukupoza.

Mwongozo wa mwaka 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unautaka upasuaji huu uwe wa wale tu wenye hali kali inayovuruga maisha na ambao matibabu mengine yamewashinda. Taiwan, nchi iliyoufanya kwa wingi kuliko nyingi, iliuzuia kwa walio chini ya miaka 20 mwaka 2004. Mzazi anayetaka mwanawe wa kidato cha pili afanyiwe ili afanye mtihani kwa raha, nampa pole kwa anayoyaona nyumbani, lakini namwomba asubiri.

Viganja: upasuaji na umeme wa maji

Mpinzani halisi wa upasuaji kwa viganja ni iontoforesi, ambayo hapa naiita umeme wa maji, na ambayo wengi hawajawahi hata kuisikia. Unaweka mikono kwenye beseni mbili za kina kifupi zenye maji, na mashine hupitisha umeme mdogo sana, kwa kawaida miliampea 15 hadi 20, kwa dakika 20 hadi 30. Unahisi kuchonyotwa. Mwanzoni hufanywa mara 3 kwa wiki, na wengi huona viganja vinakauka ndani ya wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo mara moja kwa wiki au pungufu hutosha kuilinda hali hiyo. Ukiacha, jasho hurudi.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hizi mbili, na inategemea unavyoitazama. Upasuaji ni siku moja, na matokeo huwezi kuyarudisha. Umeme wa maji ni kazi ya kila wiki kwa miaka, na siku ukiuchoka unaacha tu, hujapoteza kitu. Upasuaji hufaulu viganjani kwa zaidi ya watu 95 kati ya 100. Umeme wa maji hufaulu kwa walio wengi, si wote, na hautoi ukavu uleule. Upasuaji huhamisha jasho; umeme wa maji haulihamishi. Kwa fedha, upasuaji hulipwa mara moja, na mashine nayo hununuliwa mara moja, kwa sehemu ndogo ya gharama ile. Zipo zinazotumia betri, kwa hiyo umeme kukatika si kisingizio.

Watu wengi waliosema umeme wa maji haukuwafaa waliufanya wiki moja, au kwa maji yasiyopitisha umeme vizuri. Maji ya mvua yana madini machache, na ukiyatumia ongeza bikaboneti ya soda kidogo. Vua pete na saa. Mchubuko wowote upake mafuta ya mgando kabla ya kutumbukiza mkono. Asiufanye mjamzito, mwenye betri ya moyo, mwenye chuma mwilini kwenye njia ya umeme huo, wala mwenye kifafa bila idhini ya daktari wake. Miguu nayo hufanywa kwa beseni hizohizo, na hii ni faida ambayo upasuaji wa kifua hauwezi kuiahidi: wengi wenye viganja vya jasho wana nyayo za jasho pia, na baada ya upasuaji nyayo hizo huweza kubaki vilevile.

Kabla hata ya mashine, kuna dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloraidi, mara nyingi asilimia 20. Bibi zetu wa pwani walijua njia hiyo kwa namna yao, kwani shabu wanayopaka kwapani ni chumvi ya aluminiamu pia, ingawa nyepesi kuliko hii. Siri ya aluminiamu kloraidi ni wakati: paka usiku kabla ya kulala, kwenye ngozi iliyokauka kabisa, kisha ioshe asubuhi. Ukiipaka asubuhi ukiwa umetoka kuoga inawasha tu, kisha mtu husema haifanyi kazi. Kiganjani, ambako ngozi ni nene, nguvu yake ni ndogo kuliko kwapani, ila kwa kuwa ni rahisi na haina madhara makubwa, ipewe mwezi mzima wa majaribio. Na limau kwenye kwapa, acheni. Linachubua ngozi, na siku inayofuata huwezi kupaka dawa yoyote bila kulia.

Sindano za Botox, dawa inayozuia kwa muda ujumbe wa neva usifike kwenye tezi na misuli, hufanya kazi viganjani pia, lakini sizipi nafasi kubwa kwa mtu anayeishi kwa mikono yake. Sindano ni nyingi na kiganja kina hisia kali, hivyo hutakiwa ganzi ya neva au barafu. Baadaye vidole vinaweza kulegea kwa wiki kadhaa, hasa ule ubanaji wa kidole gumba na cha shahada. Fundi saa, mshonaji, muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto: hao hawawezi kupoteza ubanaji huo kila baada ya miezi michache.

Makwapa: hapa upasuaji wa kifua hushindwa kwa hoja

Makwapa yana takriban asilimia 2 tu ya tezi za jasho za mwili. Ukizizima hapohapo, mwili haushtuki na jasho halihami kwa kiasi cha kusumbua. Hilo peke yake linatosha kubadili hesabu yote. Tena upasuaji wa neva kwa makwapa peke yake huridhisha watu wachache kuliko wa viganja, na huhitaji kukatiza sehemu mbili.

Ngazi ya kwanza ni aluminiamu kloraidi, na kwapani kwa kweli hufaa. Ikishindwa, Botox. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha matumizi haya mwaka 2004. Kawaida ni yuniti 50 kila kwapa, kwa sindano ndogondogo zilizotawanywa, dakika chache tu, unatoka na kurudi kazini. Ukavu hudumu miezi 6 hivi, kwa wengine zaidi. Ubaya ni kurudia na kulipa tena. Ubaya mwingine ni dawa yenyewe: chupa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na bidhaa bandia zipo sokoni, mwaka 2024 FDA ilitoa onyo kuhusu Botox bandia huko Marekani. Uliza imehifadhiwaje, na uione chupa ikifunguliwa mbele yako. Daktari mwema hatakasirika.

Kwa anayetaka jambo la kudumu, ipo miraDry, mashine ya mawimbi ya mikrowevu inayounguza tezi za kwapani chini ya ngozi iliyotiwa ganzi. FDA iliiruhusu mwaka 2011. Hufanywa mara moja au mbili, kwapa huvimba na kufa ganzi kwa muda, na nywele hupungua. Harufu nayo hupungua, kwa sababu tezi za harufu ziko karibu na zile za jasho. Viganja haigusi.

Tena kuna upasuaji mdogo wa kwapa lenyewe: kupitia tundu dogo, tezi hukwanguliwa na kunyonywa kutoka chini ya ngozi, kwa ganzi ya sehemu. Unaweza kuacha makovu, damu kuvilia au ngozi kuchelewa kupona. Hata hivyo mapafu hayaguswi. Kwa nchi ambako mashine za miraDry ni chache, naiona hii kuwa njia ya haki ya kuulizia kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha viungo.

Vidonge: kwa wenye jasho la sehemu nyingi

Oksibutinini na glaikopironiamu huzuia ujumbe wa kemikali kati ya neva na tezi, mwili mzima. Kwa mtu mwenye viganja, makwapa, nyayo na uso kwa pamoja, vidonge vinaweza kufanya kazi ambayo hakuna upasuaji ungeifanya. Malipo yake ni kinywa kukauka, choo kigumu, macho kuona vitu vya karibu kwa ukungu na mkojo kukawia. Mwenye shinikizo la jicho au tezi dume iliyovimba asivitumie bila daktari. Na joto, tena: mtu anayelima au kucheza mpira juani akiwa amezuia jasho la mwili mzima anaweza kupata joto la hatari. Wapo wanaovitumia kwa siku maalumu tu, siku ya usaili au ya harusi yao, na matumizi hayo nayaona yana busara.

Nani aende kwa mpasuaji

Wanaonufaika zaidi, kwa mujibu wa jopo lile la 2011, ni vijana wa chini ya miaka 25 ambao jasho lilianza kabla ya miaka 16, wasio na uzito mkubwa, wasiotoa jasho usiku, wasio na ugonjwa mwingine mkubwa, na ambao mapigo yao ya moyo wakiwa wametulia hayako chini ya 55 kwa dakika. Hilo la mapigo linawahusu wanariadha wa mbio ndefu. Moyo wao tayari hupiga polepole, na upasuaji huupunguzia kasi zaidi. Tena wao ndio wanaohitaji mfumo wa kupoza mwili kuliko yeyote.

Jingine linatuhusu kuliko linavyowahusu Wazungu walioandika miongozo hiyo: aliyewahi kuugua kifua kikuu, au kujaa maji au usaha kifuani, anaweza kuwa na pafu lililogandamana na ukuta wa kifua. Pafu la namna hiyo halisogei, na kamera haipiti bila kuumiza. Mwambie daktari hata kama ilikuwa utotoni.

Maswali ya kumpelekea ni machache. Utakatiza juu ya ubavu wa ngapi, na kwa nini? Wagonjwa wako wangapi wamerudi na jasho la mgongoni, na unawafanyia nini? Naweza kuzungumza na aliyefanyiwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, anayeishi kwenye joto kama langu? Akisema jasho la kuhama ni dogo kwa kila mtu, umeshapata jibu.

Nami ningependa kabla ya mpasuaji upite kwa daktari wa ngozi. Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992 ambacho kimesomesha wataalamu waliosambaa katika nchi nyingi za Afrika. Huenda ofisa aliyesomea hapo yuko kwenye hospitali ya mkoa wako, na kumwona hakugharimu nauli ya ndege.

Wanaokwenda India kwa upasuaji huu wapange siku za kutosha. Hewa ikibaki kifuani, huruhusiwi kupanda ndege. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau wiki moja baada ya picha ya eksirei kuonyesha kwamba imeisha. Tiketi ya kurudi siku ya tatu ni kamari. Omba pia ripoti ya upasuaji iliyoandikwa ubavu uliokatizwa na namna ilivyofanyika, kwa sababu daktari wa nyumbani akija kukutibu baadaye hawezi kubahatisha.

Na wewe uliyekwisha kufanyiwa, ukajikuta mgongo unatiririka: hujaisha. Oksibutinini kwa dozi ndogo huwasaidia baadhi ya watu wenye jasho la kuhama. Dawa za kupaka husaidia sehemu ndogo, na Botox huweza kuchomwa pale linapotoka zaidi kama eneo si pana. Anza kwa daktari wa ngozi badala ya kukimbilia kutolewa klipu. Lakini kama ziko klipu na ni wiki chache tu zimepita, rudi haraka kwa aliyekufanyia mzungumze, kwani kadiri klipu inavyokaa, ndivyo uwezekano wa neva kurejea unavyopungua.